Mpini wa Mkuu na Ng'ombe Aitwaye Kesho

Namna Ngwali alivyofika nchi ya Mpinini tusiihangaikie. Yeye mwenyewe akisimulia, mara alipotea akitafuta mkaa, mara alimfuata mbuzi aliyekatika kamba, na ukimbana sana hununa, ukabaki na hadithi isiyo na mwenyewe. Basi tuseme alifika. Alifika asubuhi, ana njaa, nyundo begani, kisu kiunoni, na kichwa kimejaa sifa zake mwenyewe, maana Ngwali alikuwa mhunzi wa visu na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Tusimnyime haki yake lakini. Kisu cha Ngwali kilikuwa kisu. Mteja akija, kabla hata mvukuto haujapulizwa, yeye husema, "Lete mkono," kisha hukizungushia kiganja ukindu na kuukata pale unapokutana. "Mkono kwanza, chuma baadaye," ndilo neno lake, na alilisema mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia. Kisu kikiisha hukiweka juu ya kidole kimoja, pale bapa linapokutana na mpini, nacho hutulia hapo hapo. Kisu kinachoinamia mbele, husema, kinamchosha mwenye nacho, na kinachoinamia nyuma kinamdanganya.

Nyumba ya kwanza aliyoikuta Mpinini ilikuwa ya mama mmoja mjane aitwaye Bi Masika. Alikuwa barazani akimenya muhogo, na mlangoni pake amelala dume mzee wa ng'ombe, kamba nyekundu shingoni. Ngwali alifungua kinywa aombe maji, macho yakakiangukia kisu cha yule mama, akasahau maji. Kilikuwa bapa tupu. Nyuma yake ulitokeza msuka, ule mkia wa chuma unaotakiwa kuingia ndani ya mpini, na mpini haukuwapo. Bi Masika alikuwa ameviringisha kitambaa mkononi, na kila baada ya maganda mawili matatu aliguna na kukigeuza upande mwingine.

"Shikamoo, mama. Mpini wako umevunjika?"

"Marahaba, mwanangu. Mpini gani?"

"Wa kisu hicho."

Bi Masika alicheka hadi muhogo ukamtoka. "Haya, mnasikia huko ndani? Mgeni kaniona mimi mtu wa kushika mpini."

Ngwali hakuelewa kichekesho kiko wapi, na mtu wa aina yake asipoelewa hufanya kazi. Alichukua kipande cha mpera kwenye kuni, akakichonga, akamwomba mama mkono akaupima, kisha akautia msuka motoni mpaka ukaiva, akaudidimiza ndani ya mti ukafuka moshi. Muhogo uliobaki ulimenywa kimya kimya, na huo ukimya ndio uliowaponza. Jirani aliyezoea kusikia miguno ya Bi Masika kila asubuhi alitega sikio, hakusikia kitu, akachungulia ukutani, akaenda kushtaki.

Hapa lazima tueleze sheria za Mpinini, ambazo Ngwali alielezwa njiani na askari waliomkamata, kwa upole mkubwa, maana ni watu wapole.

Huko heshima ya mtu iko katika kisu chake. Raia hupewa bapa tupu. Akipata cheo, kisu huanza kuota mpini: mwenye cheo cha Robo, robo ya kisu chake ni mpini; Nusu ana nusu; na Robo Tatu ana mpini mrefu wa kupendeza wenye bapa la kutosha kuchongea kalamu, kama angekuwa na la kuandika. Wakubwa hawa huitwa kwa vyeo, na kumwita Bwana Nusu kwa jina alilopewa na mama yake ni matusi. Juu ya wote yuko Mkuu, ambaye ni Kamili. Kisu chake ni mpini mtupu wa mpingo, umetiwa nakshi ya pembe, na bapa hauna hata la dawa.

Sheria ya pili ni ya ndoa. Harusi haifungwi mpaka ng'ombe wa harusi afunguliwe, na hafunguliwi na mtu isipokuwa Mkuu, kwa kuikata kamba yake kwa kisu chake mwenyewe. Zamani za baba yake Mkuu kile kisu kilikuwa bado na bapa kidogo, na watu walioana. Alipotawazwa huyu wa sasa, ilionekana haifai awe sawa na baba yake, bapa likaondolewa, ukubwa ukakamilika, na kamba hazikukatika tena. Kila Ijumaa ng'ombe wa harusi hupangwa uwanjani, Mkuu huisugua kamba ya kila mmoja kwa mpini wake, watu hupiga makofi, kisha kila mtu humrudisha ng'ombe wake nyumbani. Wachumba huota mvi. Ng'ombe hunenepa, hulala katikati ya njia, na hakuna anayethubutu kuwaondoa, maana wote ni ng'ombe wa harusi za watu.

Yule aliyelala mlangoni kwa Bi Masika alikuwa wa harusi ya binti yake, Raya. Posa ya Raya ilikubaliwa akiwa kigoli, na sasa mchumba wake, mshona viatu, alikuwa na ndevu za rangi mbili. Ng'ombe waliyekuwa wakimlisha muda wote huo walimwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu walilopewa kila walipouliza.

Ngwali na Bi Masika walifikishwa Barazani. Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha juu, mtu mnene kiasi, macho yamechoka, mikono imefichwa ndani ya joho. Mbele yake walipangwa wakubwa, na msemaji wao alikuwa Bwana Robo Tatu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuhesabu maneno. Mpini wa mpera uliwekwa kwenye sinia.

"Mpini huu," alisema Robo Tatu, "ni nusu ya kisu. Sheria inasema mwenye mpini nusu ni Nusu. Kwa hiyo mama huyu ama ni mhalifu, ama ni mtawala wa mtaa."

Mkubwa mmoja wa cheo cha Nusu aliinuka. "Akiwa Nusu yeye, mimi nitakuwa nani?"

"Utabaki Nusu."

"Basi unusu wangu utakuwa umepungua."

Walilijadili hilo kwa makini. Mmoja alishauri nusu ya wanaume iwe kubwa kuliko nusu ya wanawake. Mwingine akauliza robo zitapangwaje. Mwishowe walikubaliana kwamba mwenye kosa ni mpini. Mpini ukahukumiwa kufungwa, ukapelekwa gerezani chini ya ulinzi wa askari wawili, na Bi Masika akarudishiwa bapa lake pamoja na kitambaa.

Hapo Ngwali angenyamaza, angekwenda zake. Lakini mtu hamezi asili yake. "Nchi nzima hii," alisema, "sijaona kisu. Nimeona vipande vya visu." Akachomoa chake, akakiweka juu ya kidole kimoja, kikatulia, akatembea nacho hivyo mbele ya Baraza lote kutoka ukuta hadi ukuta. Wakubwa waligeuza nyuso pembeni kwa haya. Mkuu peke yake hakugeuka.

"Kinakata kamba hicho?" aliuliza Mkuu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kiti.

"Kamba? Kamba ni mwanzo tu, Mkuu."

"Nitengenezee," alisema Mkuu. "Nimechoka kusugua."

Baraza likaguna. Robo Tatu aliinama, akasema kwamba amri ya Mkuu ni amri, mradi kisu hicho kiwe mpini mtupu, kwa kuwa Kamili hapungui. Kisha akamgeukia Ngwali. "Ukiweza, utakwenda zako kwa amani. Ukishindwa, utapandishwa cheo."

Ngwali alidhani amesikia vibaya.

"Huku kwetu anayeshindwa kazi hatumwaibishi. Utafanywa Robo Tatu. Utapewa nyumba, kiti, na mtu wa kukupepea. Na hutashika nyundo wala chuma hadi siku ya kufa kwako, maana mkubwa hafanyi kazi."

Ngwali akacheka. Kisha akawatazama wakubwa mmoja mmoja, na kicheko kikamkauka. Huyu alikuwa na vidole vya seremala. Yule alikuwa na bega la mtu aliyewahi kuvuta msumeno. Mzee aliyekaa mwisho, Nusu mkongwe kuliko wote, mikono yake ilikuwa mapajani ikifinyanga kitu kisichokuwapo, ikikizungusha, ikikilainisha mdomo.

"Mimi nilikuwa mfinyanzi," mzee alimnong'oneza Ngwali alipopita. "Nilipasua mtungi mmoja tu."

Usiku huo Ngwali aliogopa. Kufa alikuwa amewahi kukufikiria, kama kila mtu. Kukaa kwenye kiti akipepewa, mikono inafua hewa, hakuwahi.

Asubuhi alipelekwa kwenye karakana za serikali. Zilikuwa mbili, na katikati yake ukuta mrefu. Upande mmoja wahunzi walifua mabapa, upande wa pili maseremala walichonga mipini, na tangu ukuta ujengwe hawajaonana. Wahunzi walimwambia Ngwali kwamba ng'ambo huko kuna watu wanatengeneza fimbo fupi, hawajui za nini. Maseremala nao walimwambia kwamba hizo kelele za ng'ambo ni za mabati. Ngwali aliomba afue nyumbani kwa Bi Masika, akakubaliwa, mradi askari akae karibu kuhakikisha hakitoki kitu kinachofanana na kisu.

Alichora chini kwa kijiti, akafuta, akachora. Kesho akaja akalala juu ya mchoro. Ngwali alimsukuma, hakusukumika, akachora pengine. Kila alichochora kilikuwa na bapa, na kila chenye bapa kilikuwa kinyume cha sheria.

Raya alikuwa akimtazama kutoka dirishani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini miaka aliyosimama foleni na ng'ombe wake alikuwa ameisikia sheria ikisomwa kila Ijumaa, na aliijua kuliko waliokuwa wakiisoma.

"Fundi," alisema, "sheria inataka mpini mtupu, siyo?"

"Ndiyo balaa lenyewe."

"Imesema mpini uwe wa mti?"

Ngwali akanyanyua kichwa.

"Imesema uwe mviringo? Imesema uwe mnene pande zote?" Raya alikuwa akichambua kunde, wala hakuacha. "Mimi nimeisikia sana. Haijasema."

Ngwali akaitazama nusu ya mbele ya mchoro wake, lile bapa, akaliita mpini. Akalitazama tena. Halikukataa.

Basi akaanza. Alipasha kipande cha chuma kigumu, akakifua kwenye fuawe ya kuazima, na muda wote huo alizungumza nacho kama kawaida yake, akikisifu na kukitukana. Nusu moja aliiacha nene, yenye tumbo kidogo la kujaza kiganja. Nusu ya pili aliifua ikawa nyembamba, mgongo umenyooka, chini akaitia makali kwa tupa na kisha kwa kinoo, mpaka unyoya wa kuku ukipita juu yake unakuwa manyoya mawili. Askari aliyewekwa kumlinda aliuliza hicho ni nini. "Mpini," alijibu Ngwali. "Huu upande wa kushikia, huu upande wa kushikia zaidi." Askari aliridhika.

Ili Baraza lisishtuke, alikivika chote ngozi nyekundu ya mbuzi. Upande wa makali aliushona kwa uzi dhaifu wa mgomba, makusudi, ili Mkuu akiuvuta juu ya kamba ngozi ipasuke na makali yatoke. Mpango ulikuwa mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi kama fundi angekuwa mtu mwingine, asiyependa kusifiwa.

Kanuni yake ya siku zote ilikuwa bapa liuzidi mpini kwa nusu, na mwisho wa mpini uwe na kifundo, ili hata gizani mkono ujue uko wapi. Safari hii, kilipokuwa kimevaa ile ngozi, kila alipokitazama jicho lilimwuma. Upande mmoja mrefu, mmoja mfupi. Huku kifundo, huku ncha. Akakata, akasawazisha, akaongeza ngozi hapa, akapunguza pale, mpaka pande zote mbili zikawa mapacha. Akakiweka juu ya kidole, kikatulia katikati kabisa. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Alimwita Raya atoke aone, akamwita Bi Masika, akamwita na askari.

"Kizuri," alisema Bi Masika. "Kinashikwa wapi?"

"Si unaona, mama," alijibu Ngwali, na hakusema zaidi, kwa sababu alikuwa bado anakitazama.

Jambo moja la haki tulitaje. Mkono wa Mkuu aliuomba. Alikwenda na ukindu wake hadi mlango wa jumba, akasema, "Lete mkono," na Bwana Robo Tatu akamjibu kwamba Mkuu hana kipimo. Ngwali angeweza kubisha. Nyumbani kwao amewahi kumrudisha mteja tajiri kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kisu kilikuwa kimeshapendeza mno, naye akarudi nao ukindu wake mzima.

Alhamisi Baraza lilikikagua. Walikipitisha mkono kwa mkono wakitafuta bapa, wakakitikisa sikioni, Bwana Robo Tatu akakinusa. "Kinaanzia wapi, kinaishia wapi?" aliuliza.

"Ni mpini mwanzo hadi mwisho, mheshimiwa."

"Mpini unaoelekea mpini," alisema Robo Tatu taratibu, na ilionekana amefurahi kweli. Wakaupitisha kwa sauti moja, wakaweka azimio kwamba haujawahi kutokea mpini wenye heshima pande mbili.

Ijumaa uwanja ulijaa. Kesho alikuwa wa kwanza, maana ndiye aliyesubiri kuliko wote. Alisimama penye nguzo, kamba imekazwa, macho nusu yamefumba akingoja kukunwa kama kila wiki. Raya alisimama upande huu, mshona viatu upande ule, na Bi Masika akawa katikati na bapa lake na kitambaa chake, kwa kuwa alikuwa ametoka jikoni na hakutaka kukosa. Ngwali aliwekwa nyuma ya kamba ya kuzuia watu, pamoja na wageni. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba ni mwiko mtu yeyote kumwelekeza Mkuu, kwa neno, kwa kidole, wala kwa kikohozi.

Mkuu akakipokea kisu kwenye sinia. Akakitazama upande huu, akakitazama upande ule. Ngwali naye akakitazama kwa macho ya mshikaji. Pacha wawili wekundu, na hakuna alama hata moja ya kumwambia mtu ashike wapi. Alikuwa amekipima kisu, hakumpima mshikaji. Akafungua kinywa, askari akamkanyaga mguu.

Mkuu akashika upande wa makali. Akashika kwa nguvu, kama mtu aliyezoea kusugua, akauweka ule upande butu juu ya kamba, akavuta.

Uzi wa mgomba ulipasuka kama ulivyotakiwa. Mkuu akasimama, akafungua kiganja, akakitazama. Damu ikadondoka kwenye kamba ya Kesho. Kesho akageuza shingo kuuliza kwa nini kukuna kumekatizwa.

Bwana Robo Tatu ndiye aliyepata fahamu kwanza. "Si damu," alisema. "Kamili hana bapa, na pasipo bapa hakuna kukatwa. Ni rangi ya ngozi."

"Rangi," wakubwa wakaitikia.

"Inauma," alisema Mkuu.

"Haiumi, Mkuu."

"Inauma, bwana we." Na midomo yake ikatetemeka mbele ya watu wote, nao hawakujua watazame wapi, kwa kuwa hakuna sheria iliyosema watazame wapi.

Bi Masika hakungoja sheria. Alipita katikati ya askari, akachana pindo la khanga yake, akaushika mkono wa Mkuu na kuufunga: kwanza penye kidole gumba, kisha kiganjani mara mbili, kisha fundo juu, haraka haraka, huku akimwambia asikunje vidole. Alifanya bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga mlango wake mwenyewe.

"Nani kakufundisha?" aliuliza Mkuu.

Bi Masika akafungua kitambaa chake, akamwonyesha kiganja. Mistari aliyozaliwa nayo haikuonekana tena, kwa wingi wa ile iliyochorwa baadaye.

"Nani kakukata hivi?"

"Kisu changu, Mkuu."

"Lini?"

"Kila ninapopika."

Mkuu akawageukia watu waliokuwa mbele. Hakuna aliyewaamuru, lakini mmoja alifungua kiganja, na wa pili, na nyuma yao wengine, mpaka uwanja ukawa umejaa mikono.

"Kwa nini hamshiki mpini?" Mkuu aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kwa kuwa hakujua.

"Mimi nilipewa mmoja," alisema Bi Masika. "Umefungwa."

Ngwali alikuwa ameshatoka nyuma ya kamba. Alipiga magoti, akasema bila kupamba, "Kosa ni langu, Mkuu. Nilitaka kisu kipendeze, sikuupima mkono wako. Nipe mkono mzima." Akatoa ukindu, akauzungusha kwenye kiganja cha kushoto cha Kamili. Kilikuwa kidogo na laini, kiganja cha mtu ambaye hajawahi kupewa kitu cha kufanya. Bwana Robo Tatu akafumba macho asishuhudie. Ngwali akakigeuza kisu, akavifunga vidole vya Mkuu kwenye upande mnene, akarudi nyuma.

Mkuu akavuta mara moja. Kamba ikakatika.

Zilipita pumzi kadhaa kabla watu hawajaelewa kwamba wameona kamba ikikatika. Kisha Raya akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na mshona viatu akawa anamzunguka hajui kama anaruhusiwa sasa kumgusa. Kesho naye, baada ya kuhakikisha hakuna wa kumkuna tena, akageuka akaenda zake nyumbani kwa Bi Masika, akalala mlangoni. Watu wakaulizana nyama itatoka wapi. Raya alifuta machozi akasema sheria inataka kamba ikatwe. Habari ya kumla ng'ombe haijasema.

Baraza lilikaa jioni ile ile. Kamba imekatika, kwa hiyo fundi ameweza. Mkuu ameumia, kwa hiyo fundi ameshindwa. Walifikia kumpandisha cheo nusu, awe na kiti lakini asipepewe, ndipo Mkuu aliponyanyua mkono wake uliofungwa.

"Mwenyewe anataka nini?"

"Nishushwe cheo, Mkuu," alisema Ngwali. "Nishushwe hadi chini kabisa, pale mtu anaporuhusiwa kufanya kazi."

"Ashushwe," alisema Mkuu.

Kisha mwisho wa safu yule mzee mfinyanzi akasimama kwa kujikongoja. "Na mimi," alisema. "Naomba na mimi." Akashushwa pale pale, akacheka peke yake kama mtoto. Kabla hajatoka aliacha ushauri mmoja, kwa kuwa Baraza lilikuwa limekwama kwenye suala la mipini ya raia: mpini hauwezi kuruhusiwa, sheria ingeanguka, lakini kitambaa raia wanaruhusiwa tangu zamani, na hakuna palipoandikwa kwamba kitambaa lazima kiwe cha nguo. Bwana Robo Tatu aliyapima maneno hayo, akayakubali. Ndiyo maana hadi leo Mpinini kila raia anaruhusiwa kuwa na kitambaa cha mti, kirefu kadiri ya kiganja chake, kilichodidimizwa kwenye msuka. Ukikiita mpini utakamatwa.

Asubuhi iliyofuata Ngwali alikutana na Bwana Robo Tatu njiani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe. Akampa pole. Mbele kidogo akamkuta Bwana Nusu, amefunga miwili. Hadi adhuhuri hapakuwa na mkubwa Mpinini asiyefungwa kiganja, na wawili walikuwa wameshagombana juu ya nani anastahili fundo kubwa zaidi. Ngwali hakuona mkono hata mmoja wenye kidonda isipokuwa wa Mkuu, ambao Mkuu mwenyewe alitaka ufunguliwe upate hewa, wakamkatalia.

Harusi ya Raya ilifungwa Jumamosi, kwa wali na kunde. Ngwali alikuwa ameutoa ule mpini wa mpera gerezani, sasa unaitwa kitambaa, akaurudisha kwenye bapa la Bi Masika na kukiweka kisu juu ya kidole, kikatulia. Akampa. Bi Masika alikipokea jikoni, mbele ya kilima cha vitunguu, na mkono wake haukufumba. Ulikizunguka kisu kwa mbali, vidole vimekakamaa, ukisubiri kuumizwa. Alijaribu tena, ukakataa tena. Ngwali akasogea karibu. Alivishika vile vidole, akavifunga kimoja kimoja juu ya mti, akaushikilia mkono mpaka ukaamini.

Bi Masika akakata kitunguu kimoja. Akasimama, akautazama mkono, akakata cha pili.

"Kumbe hakina uzito," alisema.